Meno ya Kusomea

Vijana wangu mnaoingia kazi ya meno sasa, mna mashine ndogo kama mswaki inayopiga picha ya mdomo wote kabla mgonjwa hajajua aweke wapi mikono. Nawaonea wivu kidogo. Sisi tulikoroga unga wa waridi na maji, tukamjaza mtu mdomo kuchukua umbo la meno, tukamwambia apumue kwa pua, naye akatutazama kama mbuzi anayeshushwa kwenye lori mnadani. Mmoja pale Kajiado aliniuma kidole, kisha akaomba msamaha huku bado ameking'ang'ania.

Mmeniomba niwaambie jinsi ya kuchagua tiba ya kuziba nafasi katikati ya meno. Mimi si daktari. Nilikuwa fundi wa meno, yule anayekaa chumba cha nyuma na taa ya gesi, nta na plasta, akitengeneza kile ambacho daktari atakuja kumvalisha mgonjwa. Nilianza katika hospitali ya serikali kule Kajiado, nikamalizia katika kliniki ya ghorofani hapa Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, ambapo vumbi la malori ya Namanga liliingia hata ukiwa umefunga madirisha. Nitawaambia nilichokiona. Mengine mna vitabu.

Kwanza msichanganye mwanya na pengo. Mwanya mtu huzaliwa nao, uko katikati ya meno mawili ya mbele, na watu wengine wanauona ni urembo. Pengo ni mahali palipokuwa na jino likaondoka. Mwanya daktari anaweza kuuziba kwa kunenepesha meno na dawa ngumu yenye rangi ya jino, mtu akatoka siku hiyo hiyo akicheka. Anaweza kubandika ganda jembamba la kauri. Anaweza kufunga vyuma vivute meno polepole, na hapo mgonjwa lazima awe na subira, na baadaye avae waya nyuma ya meno yasije yakarudi kwao. Pengo nalo linaweza kuwekewa daraja linaloshikwa na meno ya jirani, au jino lililopandwa kwa skrubu ndani ya taya, au sahani ndogo ya plastiki yenye meno, ya kuvaa na kuvua. Na kama meno yaliyokaa pamoja maisha yote yanaanza kuachana mtu akiwa mtu mzima, usiguse nta kabla daktari hajatazama fizi. Nyumba ikianza kuachana kona, fundi mwenye akili hanunui rangi, anachimba aone msingi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Baraza, mtu mnene, mpole, aliyependa kuimba akichemsha nta. Mgonjwa akiketi, Mzee Baraza hakugusa kitu. Alianza kumuuliza viatu amenunua wapi, mvua imenyesha kwao, yule ng'ombe aliyepotea alipatikana. Nilidhani ni umbea. Siku moja nikamwambia, "Mzee, foleni ni ndefu." Akasema, "Nafanya kazi, binti. Tazama mdomo wake wa juu unavyopanda. Sasa angalia ulimi unagusa wapi akisema 'tatu'." Tangu siku hiyo sikuwahi kuchonga jino la mtu ambaye sijamsikia akiongea.

Alinifundisha pia kwamba watu hawatazami nafasi moja kwa jicho moja. Hapa Kitengela asubuhi moja msichana wa chuo alikuja kuomba afunguliwe mwanya, anauona unapendeza. Upande wa pili wa ubao uliogawa chumba kulikuwa na kijana aliyekuja kuzibiwa wake, kwa sababu tangu shule ya msingi waliuita lango la mpakani Namanga. Ubao ulikuwa mwembamba, wakasikiana. Kijana akapaza sauti, "Dada, si uchukue huu wangu?" Daktari alicheka mpaka akavua glavu. Msichana alienda nyumbani kufikiri tena. Kijana tulimziba, na nasikia siku hizi hasemi bila kutabasamu, hata mazishini.

Lakini mtu ninayetaka mmjue ni Koko Nashipae, koko kwa Kimaasai ni bibi.

Alikuja Kitengela na binti yake Simaloi, mwalimu wa shule ya chekechea. Alikuwa mama wa Kimaasai mwenye umri wa kunizidi kidogo, mrefu, shuka safi, shanga zake zote shingoni kana kwamba amekuja harusini. Nilimsalimia, "Takwenya," akaitika, "Iko," na alipoitika nikaona pengo lake, chini, mbele, pale ambapo meno mawili ya katikati yangekuwa. Wengi wa umri wake kwa upande huo wanalo. Walitolewa meno hayo wakiwa watoto. Wenyewe wanaliita embuata, na wazee watakwambia lilisaidia mtoto akiugua taya zikakaza, maziwa yapate pa kupita. Siku hizi watoto hawatolewi tena, na ni vizuri, lakini wale waliotolewa walikua nalo, wakaoa na kuolewa nalo, likawa sura yao.

Daktari wetu alikuwa Achieng', mwanamke kijana, mtulivu, mwenye mikono myepesi kuliko wote niliofanya nao kazi. Alimkalisha Koko akamuuliza, "Hilo pengo linakuuma?"

"Haiumi," Koko akasema. "Inatema."

Simaloi akatazama chini kuficha kicheko. Mama yake akaeleza mwenyewe. Alikuwa amejiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima, chini ya paa la kanisa lao upande wa Bissil. Alianza akiwa hajui kushika kalamu, na sasa alikuwa anasoma. Mwalimu wake alimpa heshima ya kusoma matangazo ya kanisa Jumapili. Kimaasai chake kilikuwa kinatoka vizuri tu, maana ulimi uliijua njia yake tangu utoto. Lakini hii "za" na "dha" na "tha" ya Kiswahili ilikuwa ngeni, ikapitia pengoni na mate.

"Nilisoma 'mazishi'," akasema, "mtoto wa mbele akapanguza uso. Nikasoma 'dhehebu', wakahama benchi."

Alisema hivyo akicheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kiti. Kisha akaacha kucheka. "Daktari, mimi nimengojea hii kusoma tangu niko msichana. Ndugu zangu walipelekwa shule, mimi nikapewa ndama. Sasa nimejua, na watu wanasikia mate, hawasikii maneno."

Achieng' alichukua kioo na kutazama. Meno ya pembeni yalikuwa yameinama kuelekea pengoni kwa miaka yote hiyo, kama watu wanaosogea kukaribia moto, hata nafasi iliyobaki ilikuwa ya jino moja na nusu. Moja lingekuwa dogo, mawili yangebanana. Hizo ndizo nafasi ngumu, vijana. Alimwambia arudi siku nyingine wapige picha ya taya na kuzungumza juu ya njia zote.

Siku aliyorudi, alirudi na mumewe.

Mzee Lemayian aliingia akiwa na fimbo na koti refu la kijivu juu ya shuka. Hakukaa. Alitusalimu wote vizuri, mmoja mmoja, halafu akamgeukia daktari.

"Nani amekuambia huyu ni mgonjwa?"

"Hakuna, mzee. Amekuja kuuliza."

Akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole. Pengo lake lilikuwa pale pale, kama la mkewe. "Mimi pia niko nayo. Baba yangu alikuwa nayo. Hii si ugonjwa."

"Ni kweli, si ugonjwa," Achieng' akasema.

Mzee alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na alipokosa mtu wa kubishana naye akamgeukia mkewe. Waliongea Kimaasai, nami nakielewa kwa miaka niliyokaa Kajiado. Wao huitana kwa jina la mtoto wao wa kwanza, yeye akimwita Ng'oto Simaloi, mama Simaloi, na mkewe akimwita Menye Simaloi, baba Simaloi.

"Ng'oto Simaloi, ulitaka shule, nikanyamaza. Sasa ni meno. Kesho utataka nini?"

"Kesho nitataka chai, kama kila siku."

"Mama yako alikushika kichwa siku ile ukitolewa. Unataka kufuta mkono wake?"

"Mama yangu angejua kusoma, angenishika mkono twende shule."

Nje lori lilikuwa likishuka gia. Mzee akaiegemea fimbo yake kwa mikono miwili, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, si ya mwenye mji tena.

"Na mimi nikikutazama, nitaona nani?"

Sidhani Koko alikuwa amelifikiria hilo. Simaloi akataka kusema kitu, daktari akamgusa bega anyamaze.

"Leo hatufanyi chochote," Achieng' akasema. "Koko, mzee, nendeni nyumbani mkazungumze. Hayo meno hayana haraka."

Madaktari wengine wangemshinda yule mzee kwa maneno. Wengine wangemwambia mama, haya, mwili ni wako, lala hapa tuanze. Achieng' aliwasindikiza mpaka ngazini akamshika mzee mkono, kwa sababu ngazi zetu zilikuwa mbaya. Niliporudi chumba changu cha nyuma nilijua hatutawaona tena.

Lakini Koko alirudi, siku ya mnada wa Kajiado, mzee akiwa na ng'ombe zake huko. Nikamuuliza, "Mzee alisemaje?"

"Amesema meno ni yangu," akasema. "Halafu amesema yeye hatakuja kuangalia."

Basi wakakaa, yeye na daktari, na mimi nikaitwa nisikilize, kwa sababu Achieng' hakupenda fundi apokee kazi kupitia mlangoni kama barua ya posta. Alimwekea Koko njia zote mezani, kwa maneno ya kueleweka.

Vyuma vingeweza kusimamisha yale meno yaliyoinama na kupanua nafasi, kisha jino likaingia kwa raha. Koko akauliza ni muda gani. Alipoambiwa akasema, "Mpaka hiyo iishe, ndama wangu watakuwa wameitwa bibi."

Skrubu ilikuwa ngumu. Mfupa wa mahali pale, ukikaa bila jino tangu utoto, hukonda ukawa kama ukingo wa kisu. Ingebidi kuongezwa mfupa kwanza. Koko alitikisa kichwa kabla sentensi haijaisha.

Daraja ndilo Achieng' mwenyewe alilolipenda, na hakuficha. Lingekaa imara, halingecheza, ulimi ungelizoea upesi, na mtu anayetaka kusoma mbele ya watu anahitaji kitu kisichocheza. Lakini ili kulishika, yale meno mawili ya pembeni, mazima kabisa, yangesagwa yapunguzwe yafunikwe.

Koko akayagusa kwa ulimi, moja, na lingine. "Hizi zimekaa na mimi siku zote. Hazina kosa. Kwa nini zipigwe?"

"Ni kweli, hazina kosa," daktari akasema. "Ndiyo maana nakuuliza, sikuamulii."

Ikabaki sahani. Achieng' akamweleza ubaya wake wote. Plastiki inakaa nyuma ya meno, ulimi unaichukia mwanzoni. Kulabu za waya hulegea. Lazima ivuliwe, ioshwe. Inaweza kupotea, inaweza kuliwa na mbwa, na nimeona vyote viwili.

"Hiyo ya kutoka," Koko akasema polepole, "ikitoka, pahali yangu itabaki vile ilikuwa?"

"Vile vile. Hatutagusa kitu."

"Basi nipe mlango," akasema. "Ukuta sitaki."

Achieng' akanitazama, nami nikaenda kukoroga unga wa waridi.

Sasa sikilizeni mambo ya ufundi, maana hapa ndipo wengi mnaharibu. Rangi ya jino huchaguliwa dirishani, si chini ya taa, na huchaguliwa mwanzo, mgonjwa akifika tu, kabla hajakaa mdomo wazi. Jino likikauka huwa jeupe, ukilifuata hilo utatengeneza jino la mtu mwingine. Na watu wa huku kwetu wamekunywa maji ya visima vya chumvichumvi tangu utotoni, meno yao yana madoa ya rangi ya chai. Meno ya Koko yalikuwa hivyo. Ukiweka meno meupe mawili katikati ya hayo, ni kama kupiga bati jipya moja kwenye paa la zamani, kila mpita njia anajua lilivuja wapi.

Nilichagua meno mawili membamba, nikayasaga, nikalipandisha moja nusu juu ya lenzake, yakabanana kidogo kama meno ya mtu mzima yanavyobanana. Kisha nikayapaka madoa. Nilipompa ayaone juu ya nta, Koko aliyageuza geuza mkononi.

"Fundi, umenipatia meno chafu?"

"Yamefanana na ndugu zake wa pembeni," nikamwambia. "Weka uone."

Akayaweka, akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Akaweka kidole juu yake, akaondoa, akaweka tena.

Siku ya kuvaa sahani yenyewe nilifurahi mapema mno. Ilikaa vizuri, kulabu zilishika, fizi haikubanwa. Daktari akamwambia, "Haya Koko, sema jina lako."

"Nathipae," akasema.

Akajaribu tena. "Nathipae." Jina lake mwenyewe, aliloliitikia tangu akinyonya. Akajaribu jina la binti yake, likatoka "Thimaloi". Akaitoa sahani akaiweka kiganjani, na machozi yakaanza kushuka bila sauti. Simaloi akapiga magoti mbele ya kiti akimshika mama yake magoti. Mimi nilisimama na koleo yangu nikijiona mzigo.

Achieng' alivuta kigoda akakaa chini kuliko mgonjwa. "Koko, ulimi wako ulikuwa na nyumba hapo mbele. Tumeingiza wageni. Utagombana nao kidogo, halafu utawapa nafasi." Akaniambia nipunguze unene wa plastiki nyuma ya yale meno mawili, ambako ncha ya ulimi ilikuwa inajigonga. Nikapunguza, Koko akajaribu, nikapunguza tena, nikiishika mbele ya taa mpaka mwanga ukaanza kupita. Ukizidi hapo inavunjika. Jina likaanza kurudi, si lote.

"Nenda nayo nyumbani usome kwa sauti," daktari akamwambia. "Kila siku. Usisome kimoyomoyo."

"Nisomee nani? Mzee hataki kuona."

"Soma hata kwa mbuzi."

Aliwasomea mbuzi. Simaloi aliniambia kwamba alikuwa anakaa kwenye jiwe nje ya zizi na kitabu cha ngumbaru, anasoma "zizi", "ziwa", "zawadi", na mbuzi wanamsikiliza kuliko watoto wa shule. Aliporudi kwa marekebisho alikuja na kidonda kidogo kwenye fizi, na alikuwa amefanya jambo la maana, amevaa sahani asubuhi hiyo licha ya maumivu, kwa hiyo alama ilikuwa nyekundu na niliona pa kuisugua sahani. Waambieni wagonjwa wenu hivyo. Wengi wanaivua kwa uchungu wiki nzima, wakija kidonda kimepona, mnabaki kupapasa.

Nikamuuliza habari za mzee.

"Nikivaa, anaenda kuangalia ng'ombe," akasema. "Wale ng'ombe hawajawahi kuangaliwa hivyo."

Tulicheka. Kisha akasema, akitazama dirishani, "Lakini akirudi, mimi natoa. Nakaa na yeye vile ananijua. Tunakula. Sioni ni vibaya."

Nilialikwa kanisani Jumapili aliyosoma tena. Kanisa la mabati, watu wengi, wazee wengine wamesimama nje kwenye kivuli cha ukuta, wanasikilizia dirishani kama kawaida yao. Nilimwona Mzee Lemayian kati yao, na mgongo wake ndio ulioelekea dirisha. Koko alipoitwa alisimama, akageuka pembeni, akaiweka sahani mdomoni kwa kidole kimoja bila mtu kujua ila mimi. Akasoma matangazo. Mazishi ya mama wa mzee wa kanisa. Harambee ya tangi la maji. Chanjo ya mifugo, siku fulani, kila mtu alete ng'ombe zake. Hakusoma haraka. Kwenye "dhehebu" alisimama, akavuta pumzi, akalipita. Mtoto wa benchi la mbele alibaki mkavu.

Kisha wakaanza kuimba, kwa Kimaasai, na nikamwona anaitoa, anaifunga kwenye leso, anaitia kifuani chini ya shanga. Aliimba na pengo lake. Baadaye nikamuuliza kwa nini. Akashangaa swali. "Hiyo ni ya kusoma," akasema. "Wewe unavaa miwani ukiimba?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekichagua siku ile mezani, na kwa nini daraja zuri la daktari lisingemfaa. Daktari alipoambiwa, alitoa mfano wake kwa kila mwanafunzi aliyepita kliniki, akisema mgonjwa ndiye aliyemfundisha swali la kuuliza.

Nilistaafu baadaye. Nikafuga kuku, wakafa, nikalima sukumawiki. Siku moja Simaloi akapiga simu. Kulabu ya mama ilikuwa imelegea, sahani inaanguka, na mguu wa mama haukumruhusu kusafiri mpaka Kitengela. Nikatia koleo ndogo kwenye mkoba nikaenda.

Nilifika alasiri. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, ng'ombe wamebaki mbavu, ardhi nyeupe mpaka upeo wa macho. Mzee Lemayian ndiye aliyenipokea langoni. Nilijiandaa kwa mapokezi ya baridi. Badala yake akaniambia kwa Kiswahili, kabla sijamaliza salamu, "Mama Meno, umechelewa. Tangu hiyo kitu ikatae, hatujasikia habari ya dunia."

Sikumwelewa. Koko alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, akacheka akiniona. Nikaketi karibu naye, nikaikunja kulabu kidogo kidogo, nikimjaribishia, mpaka ikashika kwa mlio ule mdogo ambao fundi anaupenda. Mzee hakwenda kuangalia ng'ombe. Alisimama pale pale akitazama mikono yangu.

Simaloi alinieleza tukinywa chai. Ilianza na chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mzee alikuwa anapima kwa kukisia, kama siku zote, na Koko akamwambia ngoja, akavaa meno, akamsomea maandishi ya chupa, kwa kila ndama kiasi gani, usichinje kabla ya siku fulani. Mzee alisikiliza akiwa amempa mgongo. Siku iliyofuata akaleta chupa nyingine. Halafu akaanza kuleta karatasi. Kajiado buchani hufunga nyama kwa magazeti ya zamani, naye kila akienda mnadani alikuwa anamwomba mwenye bucha ukurasa mmoja zaidi, anaukunja, anautia mfuko wa koti.

Sasa aliuingiza mkono katika mfuko huo huo akatoa karatasi kadhaa, zimelowa mafuta pembeni, nyingine imechanika katikati ya habari. Alikuwa amezikusanya siku zote ambazo sahani haikukaa. Akavuta kigoda chake. Nilidhani atakiweka ubavuni mwa mkewe kama wazee wanavyokaa. Alikiweka mbele yake, uso kwa uso, magoti yakakaribia kugusana.

"Ng'oto Simaloi," akasema, "vaa meno."

Koko akavaa. Mzee akamtazama mdomoni, sawasawa, bila kugeuka, kama mtu anayetazama mbali aone mvua. Koko akaanza kusoma kwa Kiswahili, akitafsiri Kimaasai pale pagumu. Alisoma bei za mbuzi za soko ambalo sisi hatukulijua. Alisoma tangazo la magodoro. Alisoma habari ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba pampu ya maji, na mzee akasema afungwe. Akafika kipande kidogo chini ya ukurasa, habari ya hali ya hewa, imekatwa na doa la mafuta, kwamba mawingu yanatarajiwa sehemu za kusini na huenda pakawa na manyunyu.

Lilikuwa gazeti la zamani. Mimi nilijua, Simaloi alijua, na nadhani mzee pia alijua, maana alikuwa amelitoa buchani yeye mwenyewe. Mawingu hayo yalikuwa yamepita au hayakuja kabisa. Koko alitaka kugeuza karatasi.

Mzee akaweka kidole chake juu ya ukurasa, taratibu, karibu na kidole cha mkewe.

"Soma tena," akasema. "Pale pa mvua."